Nguruwe Ambaye Sikumla

Kama umeambiwa kichwani mwako mna tegu wa nguruwe, na wewe tangu uzaliwe hujaonja hata mchuzi wa nguruwe, kaa hapa nikusimulie. Mimi nimeyapitia. Dawa nimeshamaliza, wadudu wamekufa, daktari amesema hivyo na nimemwamini. Naandikiwa na mdogo wangu Mwajuma kwenye simu yake, kwa sababu macho yangu siku hizi yananipa mwanga na kivuli tu. Mimi nasema, yeye anaandika, na akianza kuongeza chumvi yake namkemea. Majina ya watu humu nimeyabadilisha yote. Sababu utaiona mbele.

Kwetu ni Nyarubungo, wilaya ya Biharamulo. Nilikuwa mchuuzi wa maharage, tena si wa kubahatisha. Nilikuwa navuka hadi Ngara, nanunua kwa wakulima wa Kirushya na Kasulo wakati wa mavuno, nauza Biharamulo mjini bei ikipanda. Mume wangu, nimwite Hamisi, ni fundi ujenzi. Naye kazi zake nyingi zilikuwa hukohuko Kasulo, anakaa kwa mafundi wenzake siku za kazi, anarudi nyumbani kupumzika. Tulikuwa na binti mmoja, Shufaa, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Mama mkwe wangu aliishi nyumba ya pili, ua mmoja na sisi.

Nilianguka mara ya kwanza mnadani Kasulo, mchana kweupe. Mkono wa kulia ulianza kucheza wenyewe, nikauangalia kama si wangu, mdomoni nikasikia ladha ya chuma. Kilichofuata sikijui. Nilipozinduka, watu walikuwa wamenizunguka, lakini kwa mbali, kama wanavyozunguka ng'ombe mkali. Huku kwetu mtu wa kifafa haguswi. Wanaamini lile povu likikupata nawe unaugua, na kwa imani hiyo wapo watu walioangukia jikoni wakaachwa waungue.

Mtu mmoja tu alikuwa amenishika. Mama Gaudensia, mkulima wa Kirushya niliyezoea kununua kwake maharage, rozari shingoni, alikuwa ameketi chini kwenye vumbi na kichwa changu kiko mapajani mwake.

"Mwacheni arare ubavu," alikuwa anawaambia watu kwa Kiswahili chake cha Kihangaza, kinachopishanisha r na l. "Mnaogopa nini? Ni mtu huyu." Kisha akaniinamia. "Ihangane, Mama Shufaa. Ihangane."

Ihangane ni jikaze, vumilia. Nilikuwa nimejikojolea. Aliliona hilo kabla yangu, akafungua kitenge chake akanifunga, akarudi Kirushya bila kitenge. Wewe unayesoma, siku ukimkuta mtu kaanguka, mlaze ubavu, mfute povu, kaa naye. Hutaambukizwa chochote.

Baada ya siku ile nyumbani pakabadilika. Zahanati walinipa vidonge vya kifafa. Mama mkwe akasema ni jini, akaita watu wa kisomo, nikasomewa, nikafukizwa ubani mpaka nikakohoa. Sikumlaumu, alikuwa anatafuta njia. Ila kikombe changu kikatengwa. Kikawekwa juu ya dirisha peke yake, na Shufaa akakatazwa kulala na mimi. Mtoto alikuwa anasimama mlangoni asubuhi, amevaa sare, ananipungia mkono kama anayeaga msafiri. Niliumia sana kwa ule mkono.

Kuanguka kukaendelea, na kichwa kikaanza kuuma maumivu ambayo sina jina lake. Hospitali ya wilaya wakaniandikia kwenda Mwanza kupigwa picha ya kichwa. Hamisi alinisindikiza. Kama hujawahi kusubiri picha ile, nikuandae: utakaa benchi mpaka utajuana na kila mtu. Jirani yangu benchini alikuwa mama wa Sengerema mwenye mtoto wa kichwa kikubwa. Tuligawana mandazi yake na chai yangu, akanifundisha kukaa nimeegemea nguzo ili nikipatwa nisianguke kifudifudi. Jina lake sikuwahi kuliuliza.

Daktari alikuwa dada mdogo kwa umri, mpole, anaongea taratibu. Akatuonyesha ile picha. Kichwani mwangu mlikuwa na vitu vyeupe vimetapakaa, kama mtu kanimwagia punje za mtama.

"Haya ni malengelenge ya minyoo, mama. Tegu wa nguruwe."

"Daktari, mimi ni Mwislamu. Sijawahi kula nguruwe."

"Sijasema umekula nguruwe," akanijibu. "Anayekula nyama yake haijaiva vizuri, tegu anakaa tumboni kwake. Huyo mtu akitoka chooni bila kunawa, mayai ya tegu yanabaki mikononi mwake, na akishika chakula anakulisha wewe. Wewe umekula mayai. Nyama kala mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Mara nyingi ni mtu wa karibu. Nyumbani kwenu wote walete choo wapimwe. Akipatikana ni vidonge tu anapewa, anapona."

Hamisi alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani analia kwa ajili yangu, nikamgusa bega nikamwambia nitapona.

Tulipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa anasubiri uani. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba huku anamtazama mwanawe.

"Madaktari wamesema nini?"

"Wamesema ni ugonjwa wa nguruwe," Hamisi akajibu.

Akaishia hapo. Nilingoja amalizie ile nusu ya pili, akaingia ndani kuvua viatu.

Basi ikawa balaa. Mama mkwe aliketi chini akashika kichwa. Kumbe kule Ngara naenda kula mbuzi katoliki na wale rafiki zangu wa maharage! Kumbe ndiyo maana Mama Gaudensia ananipenda! Nilijaribu kumweleza habari ya mayai, na nadhani nilieleza vibaya, maana alinikatiza.

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Tangu lini nguruwe akataga?"

Mwajuma anacheka hapa anapoandika. Hata mimi leo nacheka. Siku ile sikucheka. Hakikubaki kikombe tu, nilitengewa na sufuria, na mtungi, na jiko. Shufaa akahamishiwa moja kwa moja nyumba ya bibi yake. Mtoto hawezi kukaa na mama anayekula haramu, ndivyo ilivyosemwa, na mume wangu aliyekuwa amekaa pale pale kwa daktari, aliyesikia kila neno, akabeba godoro la mtoto akalipeleka. Nilimuuliza, mbona husemi? Akasema mama ana hasira, acha zipoe.

Nikaanza dawa. Kulikuwa na za kifafa, kulikuwa na za kuua minyoo, na kulikuwa na za kuzuia uvimbe. Daktari alinishika mkono kabisa akaniambia: wadudu wakianza kufa kichwani, ubongo unavimba, hivi vya uvimbe ndivyo vinavyokulinda, usije ukaviacha ghafla hata siku moja. Nilisema ndiyo. Tunasema ndiyo sana hospitalini.

Vile vya uvimbe ni vidonge vidogo lakini vina mambo. Uso wangu ulivimba ukawa duara kama sinia. Shingo ikanenepa, ndevu zikaniota kidevuni, na njaa iliyonishika sijawahi kuiona. Namaliza ugali nalilia ugali. Majirani wakipita wanaona shavu limejaa, wanasemezana kwamba kitimoto kimemkubali. Nilikuwa nasikia. Siku moja Shufaa alinitazama kutoka kwenye mlango wa bibi yake, akauliza, "Bibi, yule ni mama?" Niliingia ndani nikajifunika shuka.

Mzunguko wa kwanza wa dawa uliisha salama. Wa pili ulianza mvua za masika zimeshika, maharage shambani yameanza kutoa maua, na Ramadhani ikaingia.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, hasa wewe Mwislamu mwenzangu. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, nilijua, na shehe wetu aliniambia kwa mdomo wake nisifunge, nitalipa nikipona. Lakini mimi sikuwa nafunga kwa ajili ya shehe. Nilitaka mama mkwe aamke daku anikute nimeamka. Nilitaka anione nimekauka midomo saa tisa alasiri. Nilitaka aseme, huyu hawezi kuwa alikula nguruwe, mrudishieni mtoto wake.

Vidonge vya uvimbe vilikuwa vya kutwa mara tatu, baada ya kula, na vilinitia njaa ambayo kufunga nayo hakuwezekani. Nikaviacha. Vya kuua minyoo nikaendelea navyo, nameza kila nikifuturu, maana akilini mwangu dawa yenyewe ni ile inayoua. Hizi nyingine niliziona ni za kusindikiza tu.

Siku za mwanzo nilijisikia mwepesi. Njaa ilipungua, na mama mkwe akaanza kuniitikia salamu kwa sauti ya kawaida. Jioni moja akamtuma Shufaa aniletee bakuli la uji wa futari, na mtoto akakaa na mimi mpaka nikamaliza. Nilijiona nimeshinda, mwenzenu. Kichwa kikaanza kupasuka, nikajua ni swaumu. Nikatapika, nikajua ni swaumu. Nikaanza kuona vitu viwili viwili, kuku mmoja naona kuku wawili, nikanyamaza.

Alasiri moja nilikuwa uani namenya ndizi za futari. Giza likaingia ghafla. Nikauliza nani amefunga mlango.

"Mlango gani?" mama mkwe akasema, alikuwa pale pale karibu. "Uko nje, mwanangu. Uko kwenye jua."

Kisu kikaniponyoka. Nikaanguka, na mara hii kuanguka hakukukoma, kila kifafa kimoja kikiisha kingine kinaanza. Walionisimulia wanasema aliyenishika ni yeye. Mama mkwe, aliyenitengea kikombe, alijitupa chini akakikumbatia kichwa changu, povu lote likamwishia kifuani, anaita Ya Latifu, Ya Latifu, na huku anafoka, "Nani alimwambia afunge huyu? Nani alimwambia afunge?" Nasema hivyo ili usimchukie, kwa sababu mimi nimejaribu kumchukia nikashindwa.

Nilizindukia Mwanza. Hiyo wodi naijua kwa sauti zake tu, magurudumu ya kitanda, ndoo ya wafanya usafi, mtu wa kitanda cha pembeni aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa chini chini. Yule daktari alikuja akakaa kitandani kwangu. Aliuliza kwa nini niliviacha. Nikamwambia nilitaka nionekane Mwislamu. Hakunigombeza. Alinishika mkono tu, na kwangu mkono ule ulikuwa mbaya kuliko kugombezwa, maana nilijua macho yangu ameshayakatia tamaa. Walipambana, uvimbe ukashuka, ukarudi huu mwanga na kivuli. Zaidi ya hapo haukurudi. Nililia mpaka nesi akaniambia nitaongeza maumivu ya kichwa, nikamwambia niongeze tu.

Ndipo daktari akaniuliza juu ya lile aliloagiza mwanzo. "Nyumbani walipimwa wote?"

Nilipimwa mimi, sina tegu tumboni. Mama mkwe alipimwa, alipeleka kopo lake huku anatukana dunia nzima, hana. Shufaa hana. Aliyebaki ni mmoja. Kila alipoambiwa, alikuwa na safari, alikuwa na zege la kumwaga, alikuwa na tajiri anamsubiri Kasulo.

Ukiwa huoni unapata nafasi ya kufikiri. Nilikumbuka mume wangu alivyoinamisha kichwa mbele ya ile picha. Nikakumbuka jambo jingine, na hili ndilo lililonivunja. Tangu tuoane, Hamisi alikuwa na desturi yake: tukikaa kula, yeye ndiye anayemega tonge la kwanza, analifinyanga vizuri, anachovya kwenye kunde, ananilisha mimi kwa mkono wake. Wanawake wenzangu walikuwa wananionea wivu. Shufaa alipoanza kula ugali, la kwanza likawa langu na la pili la mtoto. Nililala pale kitandani nikahesabu miaka ya mapenzi yetu, nikaona ndiyo iliyoniingia kichwani. Habari ya nguruwe haikuniliza. Lililoniliza ni lile tonge.

Alikuja kunitazama mchana, saa za kuona wagonjwa. Alivuta kiti. Nilimsubiri atulie.

"Hamisi, sikuulizi umekula nini. Nakuuliza kitu kimoja. Shufaa bado unamlisha?"

Nilisikia kiti kikilia chini yake.

"Ndiyo," akasema.

"Basi nenda kwa daktari umeze dawa. Leo."

"Nikimeza watajua. Mama atajua. Mama Shufaa, mama atakufa."

"Hatajua mtu. Wameshasema ni mimi. Acha iwe mimi. Sitakutaja kwa mama yako wala kwa mtu wa Nyarubungo, Mungu ni shahidi. Wewe meza tu, umwache mtoto salama."

Alianza kulia, kilio cha mwanaume cha kukwama kwama. Akaniambia ni mafundi wenzake. Jioni wakitoka kazini walikuwa wanachangishana, inaletwa nyama na ndizi kwenye karatasi, kila mtu anakula. "Mara ya kwanza sikujua ni nini," alisema. "Mara ya pili nilijua."

Alitoka akamfuata daktari. Nesi alikuja naye mpaka pale kitandani kwangu, sijui kwa nini, labda yeye mwenyewe aliomba iwe hivyo. Sikuona kitu. Nilisikia karatasi la dawa likichanwa, nikasikia maji yakishuka kooni mwake. Kwa siku ile, ile sauti ilinitosha.

Ahadi nimeitunza. Hamisi si jina lake na Shufaa si jina lake. Mwajuma ananiuliza, na siku Shufaa akiyasoma haya akajijua? Siku hiyo atakuwa mtu mzima, atapima mwenyewe. Mwajuma hakubaliani na mimi. Angekuwa yeye angelitangaza lile jina msikitini. Lakini Mwajuma hajawahi kuwaza tonge likielekea mdomoni kwa mtoto wake.

Nilidhani baada ya pale tutakuwa na siri moja, na siri ingetuunganisha. Haikuwa hivyo. Talaka yangu ililetwa na baba yake mdogo, mavuno ya maharage yakiendelea. Ujumbe ulikuwa kwamba Hamisi ameshindwa kunitazama. Mtoto akabaki kwao, kwa kuwa mimi sioni jiko wala kisima, na hoja hiyo sikuweza kuipinga. Niliandamana na Mwajuma hadi kwa baba yetu, nikiwa nimemshika bega. Nilipofika nililala chini kwenye mkeka wa marehemu mama yangu, sikuamka mpaka njaa iliponiamsha.

Nimepona, ndiyo. Sijaanguka tena kwa muda mrefu na vidonge vya kifafa bado nameza. Uso umerudi, Mwajuma ananiambia, hata zile ndevu zimeondoka. Mama Gaudensia bado ananiletea salamu na maharage kwa watu wanaokuja huku. Nawe uliyeambiwa ulichoambiwa mimi, vile vya uvimbe usiviache mpaka daktari akupunguzie mwenyewe. Usifunge ili mtu akuone. Na nyumbani wapimwe wote, hasa yule anayesema hana nafasi. Wanawe mikono, na nguruwe kwa wanaomla aive hasa. Hayo ndiyo ninayoyajua.

Shufaa huwa anakuja shule zikifungwa. Amerefuka, nampima kwa mikono, kichwa chake sasa kinanifika begani. Likizo iliyopita tulikaa uani tunachambua maharage, kila mtu na ungo wake, maana kazi hiyo naiweza, jiwe nalijua kwa kidole. Mwajuma alikuwa anatwanga pembeni. Tulikuwa tumecheka, Shufaa ananisimulia mwalimu wao wa hesabu anavyotembea.

Kisha akashusha sauti.

"Mama."

"Ee, mama'ngu."

"Bibi anasema uliumwa kwa sababu ulikula nguruwe. Nikimuuliza baba anatoka nje." Punje za maharage zikawa zinapita vidoleni mwake, nazisikia. "Ulikula kweli?"

Mchi wa Mwajuma ukasimama. Nilijua ananitazama. Nilimfikiria mtoto huyu akirudi kule kesho kutwa, kwenye ile nyumba, kwa yule baba anayemfungulia mlango na kumpeleka shule, naye mtoto hana baba mwingine.

"Nilikula, mwanangu," nikamwambia. "Mara moja tu."

Baada ya muda nikasikia ungo wake ukiburuzwa chini, ukisogea mbali kidogo na wangu.